Gari Limetoka Gereji Linafuka Moshi

Nyumbani kwetu (kwetu sisi wawili!)
4 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu na za mume wangu. Nimeandika "mume wangu" polepole ili nilione neno lenyewe. Wiki ya sita hii tangu harusi na bado kila nikiliandika mkono unatabasamu. Usiniulize mkono unatabasamuje. Wangu unatabasamu.

Mama hajambo. Goti linamsumbua kwenye ngazi za kupanda tu, za kushuka anasema hazina neno. Jumapili alikuja kututembelea, akakagua masufuria yangu moja moja kama afisa afya, akavuta pumzi, akasema, "Haya, yanapita." Nilitaka kulia kwa furaha.

Vyumba vyetu ni viwili, juu ya duka la rangi, kwa hiyo nyumba nzima inanuka kama imepakwa rangi jana. Mimi napenda. Kitanda amekiunda mwenyewe kwenye karakana yake, hakina msumari hata mmoja, mbao zimeumana zenyewe. Akaniambia, "Na sisi tutaumana hivihivi." Nikamuuliza, kwa mapenzi au kwa meno? Alicheka mpaka akakaa chini. Kaka, kuolewa na seremala ni raha. Kila kitu ndani ya nyumba kinakaa sawa, hata mimi.

Sasa jambo lenyewe, na ni jema, kwa hiyo usianze kukunja uso. Nimepata kazi! Ile maabara iliyo nyuma ya hospitali inataka mtu mwenye gari lake, azunguke zahanati saba kila asubuhi kukusanya vichupa vya damu, avifikishe kabla ya saa nne. Mkuu wa maabara ameniuliza maswali ishirini na nikayajibu yote. Tarehe ishirini Mei watalikagua gari. Likipita, naanza tarehe mosi Juni. Lisipopita, kazi inakwenda kwa mwanamume mmoja mwenye gari jipya, nimemwona, alikuwa anazungusha funguo kidoleni kama mtu aliyekwisha shinda.

Gari aliloniachia Baba litapita. Rafiki wa mume wangu tangu shule, wanamwita Fundi Miwani, ana gereji karibu na kituo cha mafuta. Anasema zawadi yake ya harusi kwetu ni matengenezo kamili: oili, chujio, plagi, breki, kila kitu. Najua siku ya harusi uliponipa funguo ulisema, "Usimpe mtu alishike mpaka nije." Lakini kaka, wewe huji mpaka daraja liishe, na daraja lako kwa maelezo yako bado liko upande mmoja wa mto.

Tunalipeleka kesho. Nikumbuke kwenye dua.

Mdogo wako mwenye furaha isiyo na aibu,
Redio

---

Kambini, darajani
19 Machi

Redio,

Marahaba. Barua yako imekuja na lori la dizeli kama kawaida, na inanuka dizeli kama kawaida. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye tairi la greda. Wenzangu waliniona nacheka peke yangu wakaanza kunong'ona.

Mimi mzima. Mvua imetusimamisha siku nane. Mashine za kuchanganya zege zimeumwa zote mbili kwa pamoja, kama watoto wa baba mmoja. Mtandao hapa bado hakuna. Ukitaka simu ishike mpaka upande juu ya kreni, na mwenye kreni hataki.

Mwambie shemeji nimefurahi. Mwambie pia kitanda kisicho na misumari ni kizuri ila asiuze siri yake.

Hongera kwa kazi. Umeistahili. Hata hao watu wa maabara wamegundua kwamba wewe ukitumwa unafika.

Kuhusu gari. Mtu akishalishika amelishika, sina la kufanya. Ila mwambie huyo fundi asizidishe kitu. Mwambie hivyohivyo: asizidishe. Mengine nitakueleza nikija.

Kaka yako

---

Nyumbani
6 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, goti vilevile. Duka la rangi limeleta rangi ya manjano madebe mia, ngazi nzima imezibwa, tunapita ubavu. Mimi sijambo.

Barua yako imefika tarehe mbili Aprili. Gari lilitoka gereji tarehe sita Machi. Kwa hiyo hilo neno lako "asizidishe" limekuta maji yameshamwagika, tena sijui ni maji gani, maana hukusema asizidishe nini.

Siku ya kutoka gereji lilikuwa linang'aa. Siku mbili likaenda vizuri. Siku ya tatu nikampeleka Mama kliniki ya goti, na tukiwa kwenye ule mteremko wa benki nikaona kwenye kioo kwamba barabara ya nyuma yetu haipo. Moshi, kaka! Wa buluu, mzito, unanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Muuza viatu mmoja akapiga kelele, "Dada, unachoma nini humo, au unahama na jiko?" Mama akafunga macho akaanza kusali kwa sauti. Taa nyekundu ya oili ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, kama inanikonyeza. Nikaegesha. Tulipotazama chini, oili ilikuwa inadondoka pale injini inapoungana na gia.

Nimelirudisha kwa Fundi Miwani mara tatu. Mara ya kwanza akasema ni oili iliyomwagikia nje, itaungua iishe. Haikuisha. Mara ya pili akabadilisha plagi. Zile mpya alizoweka mwenyewe zilitoka nyeusi, zimelowa. Mara ya tatu akafuta mikono, akasema, "Shemeji, nisikufiche. Gari ni zee. Injini imechoka. Mimi nimeamsha ugonjwa, sikuuleta."

Nikamwambia maneno. Sitayaandika yote. Wateja wake walikuwa wanne, na wafanyakazi wake watatu, na wote walisikia. La mwisho nilimwambia kwamba hata hiyo miwani yake ni ya urembo, haimsaidii kuona. Akaivua, akaifuta, akaivaa, akaingia ndani.

Gari la Baba halikuwahi kutoa moshi miaka yote, kaka. Halikuwahi. Umelala chini yake miaka yote hiyo, niambie kuna nini humo ndani. Zimebaki wiki sita.

Redio

---

Kambini
23 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mvua imekatika, nguzo ya tatu imesimama.

Barua kurasa nne na hujamtaja shemeji hata mara moja. Barua ile ya kwanza nilimhesabu mara kumi mpaka nikamwonea huruma. Redio ikinyamaza ghafla mtu hutazama betri. Sikuulizi. Nimeona tu.

Sasa sikiliza. Usiliwashe. Hata kulisogeza, lisukumeni kwa mikono. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili, ukitazame kama kina povu, kama maji ya sabuni yenye rangi ya chai ya maziwa. Niandikie umeona nini.

Usimpe mtu mwingine alifungue injini. Nimeomba ruhusa nije mwishoni mwa Juni. Subiri nije, nitalitengeneza mwenyewe.

Kaka yako

---

Nyumbani
2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sitasubiri.

Nakuheshimu kama Baba, unajua, lakini mwisho wa Juni ni baada ya tarehe ishirini Mei, hata kwa kalenda ya huko darajani. Kazi hii ni yangu. Nimeshazipita zile zahanati saba kwa miguu, nimejitambulisha kwa manesi, najua mlango gani unafunguliwa saa ngapi. Yule bwana wa funguo kidoleni hajui hata moja. Gari litapita au nitakuwa nimelala chini yake likaniangukia.

Umeuliza bila kuuliza, nakujibu bila kuulizwa: tulinuniana. Mume wangu alisema nimemdhalilisha rafiki yake aliyetupa zawadi. Mimi nikasema zawadi gani inayotoa moshi. Akasema basi tuliuze gari, tutafute kazi nyingine. Hilo "tuliuze" ndilo lililonifunga mdomo, maana lingine lingetoka lisingerudi. Karibu wiki nne. Kaka, kununiana katika vyumba viwili ni kazi ngumu, kila ukigeuka unagongana na mtu uliyemnunia, na anasema "samahani" kwa sauti ileile nzuri.

Jumamosi nikashuka peke yangu. Nikafungua boneti, nikatoa kile kitabu cha gari kwenye droo ya mbele, nikaanza ukurasa wa kwanza. Mimi fizikia nilipata alama nzuri shuleni, umesahau? Kitabu kinasema injini inameza lita nne. Nikachomoa kijiti. Povu lipo, kaka, rangi ya chai ya maziwa, kama ulivyoandika. Na oili imefika juu, sawasawa na alama ya kiwanda ya kujaa. Kwa hiyo kwa kijiti, kila kitu ni sahihi. Nikakaa pale chini nikiwa sielewi.

Mume wangu akaja na vikombe viwili vya chai. Akaweka kimoja kwenye bampa, akachukua kijiti mkononi mwangu, akakifuta kwa shati lake, hebu fikiria, shati jeupe, akakiinua juani kama anavyotazama ubao kama umepinda. Akasema, "Mke wangu, kuna alama ya tatu hapa."

Nikasema ziko mbili tu, kitabu kinasema mbili, ya juu na ya chini.

"Mbili ni za kiwanda, zimegongwa kwa mashine. Hii ya tatu ni ya tupa. Iko chini ya zote, karibu na ncha. Mtu kaichonga kwa mkono, tena mkono mtulivu. Ona ilivyonyooka."

Tukatazamana. Nikasahau kwamba nimemnunia. Nafikiri na yeye alisahau, maana mashavu yangu yalikuwa na oili na hakujali.

Sasa nakuuliza wewe. Katika familia yetu wenye tupa walikuwa wawili, na mmoja tumemzika. Hiyo alama ni ya nani, na ni ya nini? Nijibu kwa lori la kwanza. Usiniambie "nikija".

Redio

---

Kambini
7 Mei

Mdogo wangu,

Lori linaondoka sasa hivi na lililoingia halikuwa na barua yako. Kwa hiyo sijui umeona nini. Naandika kabla hujaniuliza tena, kwa sababu ukiniuliza itakuwa nimelazimishwa.

Gari halina ugonjwa. Fundi wako hakukosea. Aliyekosea ni mimi.

Mwaka ule ulipoingia kidato cha kwanza, kijiti cha oili kilikatika mkononi mwa Baba. Cha gari lile hakikupatikana. Akapata cha gari lingine kwa watu wa vyuma chakavu. Kinaingia vizuri ila ni kifupi kwa upana wa vidole viwili, hakifiki chini kinapotakiwa. Baba akamwaga oili yote, akamimina lita nne kwa jagi la Mama la jikoni (Mama hajui mpaka leo, usimwambie), akachovya kijiti, na pale oili ilipoishia akachonga alama kwa tupa. Akaniita. Akasema, "Hizi za kiwanda hapa ni mapambo. Ukweli ni huu wa chini." Hakumwonyesha mtu mwingine.

Kwa hiyo mtu asiyejua akimimina lita nne, kijiti kinamwambia bado. Anaongeza. Kinasema bado. Anaongeza mpaka inazidi karibu lita mbili. Injini inaipiga ile oili mpaka inakuwa povu, inaisukuma kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, inapanda juu inaungua. Hapo ndipo moshi unapotoka. Fundi yeyote mwenye akili angefanya alivyofanya yeye.

Utauliza kwa nini sikusema. Siku ya harusi nilikuwa na funguo mkononi na maneno mdomoni. Funguo nikakupa. Maneno nikaondoka nayo. Baba alikuachia wewe gari, na ni haki yake, sina ubishi. Ila mimi ndiye niliyelala chini yake miaka kumi na moja. Nilitaka kiwepo kitu kimoja ambacho bila mimi hakiendi. Nilitaka siku moja uandike: kaka, njoo. Barua yako ya kuuliza kuna nini humo ndani ilikuwa karibu hivyo, na nimeona aibu kuisoma.

Fanya hivi. Mwageni oili yote. Mimineni lita nne, msitazame alama nyingine ila ya Baba. Safisheni plagi. Sili ya nyuma huenda imeharibika, fundi ataijua. Na fundi huyo huyo, si mwingine. Muombe radhi, na umwambie ya kwangu pia.

Kaka yako

---

Nyumbani
13 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimeipata. Nina hasira na wewe, na siku saba za kazi. Naanza na kazi.

R.

---

Kambini
21 Mei

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja, ile ndefu na ile ya mstari mmoja na nusu. Ile fupi nimeisoma mara nyingi kuliko ile ndefu.

Jana ilikuwa tarehe ishirini. Nilimwomba mwenye kreni nipande nikupigie, akakubali, nikafika juu, simu ikashika, nikashindwa kupiga. Niliogopa kusikia. Nikashuka. Wamenicheka kutwa.

Msimamizi amenipa siku tano katikati ya Juni. Naweza kuja na sanduku langu lote la spana, nilikague gari kila mahali. Lakini sitaki kuja mahali nisipotakiwa. Niandikie neno moja tu, nije au nisije.

Kaka yako

---

Nyumbani kwetu
4 Juni

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo ya kuinama. Mama hajambo. Goti limepata dawa mpya, sasa analalamikia ngazi za kushuka, ndiyo kusema za kupanda zimepona. Mume wangu anakusalimu. Mume wangu! Mkono umeanza tena.

Nikupe habari kwa mpangilio, maana ukirukaruka utaniharibia.

Siku ile nilipokuandikia kimstari, nilikwenda gereji. Mume wangu akasema nakusindikiza, nikasema hapana, matusi nilitoa peke yangu. Fundi Miwani alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaisalimia miguu. Miguu haikujibu. Nikasema, "Fundi, nimekuja kukuomba radhi."

Sauti ikatoka chini: "Shemeji, ulinitukana mbele ya watu wangapi?"

"Saba."

"Hapa sasa wapo wangapi?"

Nikahesabu. "Watano."

"Basi subiri wawili waje."

Kaka, nilisubiri! Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu saa nzima. Akaja mwenye pikipiki, akaja na mama mmoja aliyepotea njia ya benki, tukamwomba asimame kidogo. Nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba fundi huyu hakukosea, kwamba miwani yake inaona vizuri sana, na kwamba mwenye kosa ni familia yangu. Yule mama akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Fundi akatoka chini, uso mzima oili, akasema, "Ningekusamehe tangu ulipoisalimia miguu. Nilitaka tu nione kama utakaa."

Nikamsomea barua yako. Sehemu ya kijiti tu. Ile nyingine ni yangu. Akachukua kijiti, akapitisha ukucha kwenye alama ya Baba. Akasema, "Lita nne nilimimina. Kijiti kikasema bado, nikasema basi kitabu kimekosea. Nikaamini kijiti. Miaka kumi na nane naamini vijiti." Alichukia sana, si kwetu, kwa kile kijiti.

Tukafanya kama ulivyosema. Alinipa ovaroli la mfanyakazi wake, mikono ikanizidi, akanifundisha kufungua bolti ya chini. Oili ilitoka nyingi, karai lilijaa tukaleta la pili. Plagi nimezisafisha mimi kwa brashi na petroli. Sili ya nyuma ilikuwa imechanika mdomo kama ulivyohofia, na kuipata ndiko kulikotuchelewesha. Mume wangu alizunguka maduka manne, akaipata la tano, akarudi anakimbia ameishika juu kama pete ya ndoa. Wafanyakazi walipiga vigelegele. Ilikuwa tarehe kumi na nane.

Tarehe kumi na tisa tulimimina lita nne, tukachovya, oili ikasimama kwenye alama ya Baba, sawasawa kabisa, si juu wala si chini. Hapo ndipo hasira yangu kwako ilipoanza kupungua, sitakudanganya kwamba iliisha. Tulipowasha lilitoa moshi dakika kumi, wa oili ya zamani iliyobaki kwenye bomba. Fundi akasema liache lingurume. Nililiacha. Nilishika mkono wa mume wangu mpaka akasema, "Mpenzi, huo ndio mkono ninaoshikia randa." Halafu moshi ukawa mwembamba, halafu sikuuona.

Kwenye ukaguzi mkuu wa maabara alikuja na leso nyeupe. Alizunguka gari, akaniambia niwashe nikanyage mafuta, akaishika leso nyuma ya bomba huku anahesabu mpaka thelathini. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Akaikunja akairudisha mfukoni, akasema, "Tarehe mosi, saa kumi na mbili na nusu, usichelewe." Yule bwana wa funguo kidoleni alikuwa pale nje. Nilimsalimia kwa heshima zote. Karibu zote.

Leo ni siku yangu ya nne kazini. Zahanati zote saba, na mara zote nimefika maabara kabla ya saa nne. Mume wangu amenichongea kasha la vichupa, kila kichupa na tundu lake lenye kitambaa ndani, hata nikipita kwenye mashimo hakigongi kingine. Nesi mmoja aliliona akaniuliza huyo seremala ana kaka. Nikamwambia ana shemeji, yuko darajani, ana tabia ngumu. Akasema ngumu ya namna gani. Sikumjibu, nimekuachia wewe.

Ile alama sasa tunaijua wengi. Nimemwonyesha mume wangu, fundi anaijua, na Mama nimemweleza yote pamoja na habari za jagi. Jiandae. Siwezi kuacha gari liwe na siri, mimi naliendesha peke yangu kila siku, na damu za watu zimo ndani.

Umeniuliza uje au usije. Gari ni zima, kaka. Halina haja nawe, na nalisema hili bila kukuonea huruma, maana hukunionea mimi. Lakini nilipokuwa nimelala chini yake kwenye gereji, oili inanidondokea shingoni, nilikuwa natamani sauti yako iniambie geuza kushoto, si kulia. Fundi aliniambia, sawa. Haikuwa yako. Uliondoka siku ya pili ya harusi yangu, hukukaa hata tule pamoja tukiwa tumekaa. Vyumba vyetu hujaviona. Mume wangu unamjua kwa barua.

Njoo katikati ya Juni, siku zote tano. Sanduku la spana liache hukohuko kambini. Njoo na nguo safi.

Mdogo wako,
Redio